Prosesa ya mwanga kwa kufuatilia vitu kwenye video: inafaa kweli?

Swali
Wakuu, nina programu inayotenganisha gari na barabara kwenye video, kisha inalifuatilia. Kompyuta inahema, muda mwingi unaliwa na konvolusheni, yaani kupitisha kiolezo kidogo juu ya picha nzima na kujumlisha pikseli kwa uzito. Nasikia lenzi inaweza kufanya hesabu hiyo kwa mwanga. Kweli au porojo?

Jibu la 1
Si porojo, mkuu. Lenzi ikipitishiwa mwanga wa leza uliobeba picha hutoa mabadiliko ya Fourier papo hapo, yaani huigawa picha katika mawimbi yake, na hapo konvolusheni inakuwa kuzidisha tu. Weka katikati kichujio kilichotengenezwa kutokana na picha ya kitu unachokitafuta, ongeza lenzi ya pili, umemaliza. Mtafiti VanderLugt alieleza kichujio cha namna hiyo mwaka 1964. Kitu unachokitafuta kinaonekana kama nukta angavu, na kikisogea nayo inasogea. Uzuri unaishia hapo: gari likikata kona, nukta inafifia, maana kichujio hakivumilii mzunguko wala mabadiliko ya ukubwa. Mimi niliishia na vichujio 12 vya gari moja!

Jibu la 2
Mwanga hauna shida, mlango ndio mwembamba. Skrini yangu ya kuingizia picha, ya kioo kimiminika, ilikuwa na fremu 60 tu kwa sekunde. Vioo vidogo vinavyopinduka hufika maelfu, ila vinajua kuwaka na kuzima tu, kijivu havina.

Mwuliza
Na kutenganisha je?

Jibu la 1
Mwanga utakupa kingo, yaani mistari ya mipaka ya vitu. Kuamua pikseli ipi ni ya gari kunabaki kwa elektroniki. Kabla ya kununua leza, jaribu Fourier kwenye kadi ya michoro, huenda ikatosha.