Sauti nzito siyo usomaji: wazalishaji wa vitabu vya kusikiliza, mnatuharibia riwaya

Wakuu, uzi huu ni wa povu. Asiyependa maneno makali apite kimya kimya.

Wanaozalisha riwaya za kusikiliza wamejiaminisha kwamba kazi imekwisha wakishampata mtu mwenye sauti nzito. Anaitwa studio, anakabidhiwa kurasa 300, anaambiwa aanze. Ukurasa wa mwisho hajaufungua. Hajui nani atakufa, nani anadanganya, wala kwamba ukurasa wa 212 unasema mhusika mkuu ana kigugumizi tangu utotoni. Anapoufikia ukurasa huo, mhusika ameshazungumza saa 6 nzima bila kukwama hata silabi moja. Hapo kuna njia mbili: warekodi upya, au wajifanye hawajaona. Mnajua wanachagua ipi.

Tuanze na Kiswahili chenyewe, maana kina mitego ambayo mbinu za kuiga kwa wasomaji wa lugha nyingine hazitaitegua. Kiambishi a- hakisemi kama aliyecheka ni mwanamume au mwanamke. Kwenye karatasi jicho linasaidiwa na aya mpya na alama za mnukuu. Sikio halina msaada huo. Chukueni mfano huu:

– Umekula?
– Nimekula.
– Peke yako?
– Ulitaka nile na nani?
– Basi.

Mistari 5, na "alisema" haipo hata moja. Ikisomwa kwa sauti ileile, ukifika "Basi" hujui nani kanyamazishwa. Na dawa siyo ile sarakasi ya kubana pua kila akiongea mwanamke na kukohoa kila akiongea mzee. Hiyo inavumilika dakika 3, siyo saa 10. Msomaji anayeijua kazi hagusi sana wembamba na unene wa sauti. Anacheza na mwendo na uzito. Mmoja wa hawa wawili anauliza upesi, mwingine anachelewa nusu sekunde kabla ya "Nimekula". Nusu sekunde hiyo ndiyo inayotuambia kwamba hakula, au alikula mahali asipotaka pajulikane. Mwandishi aliiacha wazi makusudi, akimwachia msomaji aijaze.

Ili sauti hizo zisipotee njiani, kila mhusika huhifadhiwa kipande cha sekunde 10 hadi 15, msomaji akakisikiliza kabla ya kurudi kwenye maiki. Ni kazi ndogo mno. Ikiachwa, binti wa sura ya 2 anarudi sura ya 9 na sauti ya shangazi yake.

Mtego wa pili ni swali. "Amekuja." "Amekuja?" Maneno hayabadili mpangilio, kilichobadilika ni kiimbo tu. Kama hakuna "je" mwanzoni, alama ya kuuliza inakungoja mwisho wa sentensi. Anayesoma bila kuandaa anakuwa ameshashusha sauti, anaiona alama, anairusha silabi ya mwisho juu kama mtu aliyekanyaga mwiba. Kosa hilo linarekebishika kwa sekunde 20, unarudia sentensi tu. Hawarudii.

Halafu kuna -ka-. Hapa ndipo unapomjua msomaji. "Akainuka, akavaa viatu, akafungua mlango, akasimama, akarudi kuketi." Msomaji wa haraka anashusha sauti kwenye kila kitenzi, tunapata sentensi 5 zilizokufa, kama mtu anayesoma orodha ya mahudhurio. Sikilizeni inavyotakiwa: vitenzi 3 vya kwanza vinafuatana bila kushuka, maana mtu ameamua kuondoka. Kwenye "akasimama" sauti inabaki juu, haijatua. Kimya kidogo. Kisha "akarudi kuketi" inashuka, polepole. Uamuzi wote wa huyo mtu umo kwenye kimya hicho, na mwandishi hakuandika neno "alisita". Ukikifuta, umekata sentensi ambayo haikuandikwa.

Sasa lile linaloniudhi kuliko yote: mawazo ya mhusika yaliyovaa nguo za msimulizi. "Aliitazama saa. Angekuja. Bila shaka angekuja, mbona aliahidi." Sentensi ya kwanza ni ya msimulizi. Ya pili siyo. Ya tatu ni mtu anayejidanganya na anajua anajidanganya. Riwaya nzuri zimejaa mambo haya, na msomaji wa sauti ya taarifa ya habari anazisoma zote tatu kana kwamba anatangaza hali ya hewa. Msikilizaji anaamini kweli mtu atakuja, akishangaa baadaye anadhani mwandishi ndiye aliyevuruga. Lawama inaenda kwa asiyehusika.

Upande wa pili kuna waigizaji. Wao wamesoma kitabu hadi mwisho, shida ni kwamba wanatuambia. Msimulizi wa nafsi ya kwanza anaficha jambo hadi sura ya 20, lakini msomaji wetu anamtia sauti ya hila tangu sura ya 1. Kujua mwisho kunakusaidia usipotoshe, siyo utoe siri. Sauti ya mwongo lazima iwe ya mtu anayeamini anachosema.

Matamshi nayapitia haraka kwa sababu yameshasemwa sana. Mahali na mahari. Kalamu na karamu. Thamini na dhamini. Fahari na fahali. Lafudhi ya msomaji siyo kosa, kila mtu ana kwao, na mhusika aliyeandikwa akichanganya r na l asomwe hivyohivyo. Kosa ni kitabu kinaposema baba alikuwa akitafuta mahali, msimulizi akasema mahari, tukabaki tunawaza posa. Halafu mkazo: barabara ya kupita magari mkazo uko silabi ya tatu, na barabara ya "sawasawa" uko ya pili. Sauti nyingi za kompyuta hufuata mkazo wa silabi ya pili kutoka mwisho, basi mambo yakienda barabara zinatupeleka njiani. Kwa maelekezo ya kutumia pasi hazina neno. Kwa riwaya, bado sana.

Na mashairi ndani ya riwaya, jamani! "Moyo wangu u safari, haujui kutulia." Mizani (silabi) 16, 8 kwa 8. Ile "u" ya katikati inakaa jirani na "u" ya "wangu", msomaji mvivu anazimeza zote kwa pumzi moja, ukwapi, ile nusu ya kwanza ya mstari, unabaki na mizani 7 na shairi linachechemea. Anayesoma shairi lazima alihesabu kwa vidole kwanza, ajue kituo kiko wapi, ndipo awashe maiki. "Mtu" ni mizani 2, jamani, m-tu.

Mkiwauliza wazalishaji, jibu lao ni moja: "Faili limepita vipimo." Sawa, tuvitaje. Vipimo vya ACX, jukwaa la Audible la kuzalisha vitabu vya kusikiliza, ambavyo wengi wanavifuata vinataka wastani wa nguvu ya sauti uwe kati ya desibeli -23 na -18, vilele visizidi -3, kelele za chumba zisizidi -60, MP3 ya kilobiti 192 kwa sekunde au zaidi, faili moja lisipite dakika 120. Ni vipimo vizuri. Ila vinapima kama mtungi unavuja, havipimi kilichomo. Unaweza kusoma kitabu cha simu kwa vipimo hivyohivyo ukapita.

Tena katika kuvikimbilia wanaharibu zaidi. Chumba kina mwangwi na feni, badala ya kukirekebisha wanategemea kifaa cha kukata kelele, kile kinachofunga sauti ikishuka chini ya kiwango fulani. Kiswahili karibu kila neno linaishia na irabu, na irabu ya mwisho haina mkazo, mwisho wa sentensi ndiyo dhaifu kuliko zote. Kifaa kikikazwa kinaila. Na irabu hiyo siyo pambo: "wasoma" na "wasome" ni mambo mawili, moja taarifa, jingine agizo. "Hafungi" ikipoteza i yake inabaki "hafung", neno lisilokuwepo. Legezeni kifaa, au bora mkizime kabisa, tandikeni mablanketi mazito ukutani, zimeni feni, maiki ikae sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni na pembeni kidogo ili p na b zisipige kishindo.

Pumzi nazo. Kuna wahariri wanafuta kila pumzi, kitabu kizima kinasomwa na mtu asiye na mapafu. Baada ya robo saa msikilizaji naye anaanza kubanwa kifua bila kujua kwa nini. Pumzi inapunguzwa desibeli 6 hadi 10, haifutwi. Na ile ya kabla ya habari mbaya isiguswe kabisa.

Nijibu mapema hoja ya gharama. Hesabu inayotumika sana ni kwamba saa 1 ya kitabu kilichokamilika inakula saa 2 hivi za msomaji studio, na ukijumlisha kuhariri na kusikiliza upya kitabu mkononi, inafika saa 6. Riwaya ya saa 10 ni saa 60 za watu. Kusoma kitabu chote kabla ya kurekodi, kuorodhesha majina magumu, kuweka alama za pumzi, hayo yanaongeza siku 2 au 3. Mnaziokoa siku hizo, kisha mnapoteza wiki nzima kwenye marekebisho, tena marekebisho yanayosikika, kwa sababu sauti ya asubuhi na ya jioni hazifanani na maiki imesogezwa. Katikati ya aya anaingia mtu mwingine.

Na acheni kumlipa au kumkimbiza msomaji kwa idadi ya maneno mliyonakili kwenye jedwali la Kiingereza, maneno 9,300 kwa saa. "Nitakapowaambia" ni neno moja kwenye hesabu yenu. Hesabuni silabi, au mpimeni kwa kurasa 5 alizosoma kwa utulivu.

NYONGEZA: Aliyejibu kwamba wasikilizaji hawajali, wanasikiliza huku wanafua, ndugu yangu, vitabu vya kusikiliza vilianza miaka ya 1930 Marekani na Uingereza kwa ajili ya wasioona. Asiyeona hana ukurasa wa kwenda kuhakikisha. Ulichomsomea ndicho kitabu. (Na ninyi mnaosikiliza kwa kasi ya mara 2, kwenye suala la vituo kaeni pembeni, hamna kesi.)

NYONGEZA 2: Wanaouliza namna ya kupima kabla ya kununua: msidanganywe na dakika za mwanzo, hizo hurekodiwa sauti ikiwa mbichi na kila mtu makini. Tafuteni mazungumzo ya watu 3 katikati ya kitabu. Fumbeni macho. Mkimjua kila anayesema bila kusubiri "alisema", nunueni. Shida ni kwamba sampuli za katikati hazitolewi.

Wazalishaji mliomo humu, na najua mmo: dakika 5 za katikati, zenye mazungumzo, jina la msomaji likiwa wazi pamoja na la mhariri wa sauti. Mnaziweka lini?