Tupeane uzoefu: siku uliyoihitaji spea (tairi la akiba la gari), uliikuta katika hali gani?

MwanaUmoja:
Habari za jioni, wanabaraza. Jumamosi tulikuwa tunapeleka mahari Murang'a na Fielder yangu ndiyo iliyotwishwa mizigo: kreti tatu za soda, marobota ya unga, blanketi, na mkungu wa ndizi ambao mjomba alikataa katakata upandishwe gari jingine. Tumeshapita Juja, Thika bado, nasikia nyuma kushoto lap lap lap. Pancha.

Spea ya Fielder iko chini ya sakafu ya buti. Maana yake kila kitu kishuke. Tukapanga mahari kando ya Thika Road kama tunaifungulia duka. Shangazi zangu wawili wamesimama na leso zao wakilinda soda, na kila matatu inayopita inatupigia honi kutupongeza.

Nikafika kwenye ile skrubu kubwa ya plastiki inayoshika spea. Haizunguki. Nilipoishinda nguvu nikakuta maganda ya njugu na vipande vya sponji, panya alikuwa amehamia humo na familia. Spea yenyewe ukiibonyeza kwa kidole gumba inazama. Nililinunua gari mwaka 2021 na sikuwahi kuigusa hata siku moja.

Boda alichukua lile tairi lililotoboka, akalipeleka kwa fundi, akalirudisha. Saa moja na nusu. Tulipofika wazee walikuwa wameshanuna, na faini ya kuchelewa nimelipa mimi.

Leteni yenu, nisijione mjinga peke yangu.

DerevaWaKayole:
Yako ni ya buti, bosi, hiyo ni raha. Njoo kwa Hiace. Spea inaning'inia chini kwa mnyororo. Unafungua mlango wa nyuma, unaingiza fimbo kwenye tundu, unazungusha, tairi linashuka lenyewe. Hiyo ni kwenye kitabu. Njia yangu mimi ni Kangundo Road, na vumbi na matope ya misimu minne yalikuwa yamegeuza ule mnyororo kuwa jiwe. Nilizungusha mpaka fimbo ikapinda. Abiria wakashuka wakadai nauli yao, na haki yao.

Tukaukata mnyororo kwa msumeno. Nikanunua mnyororo mwingine Kirinyaga Road, nikaupaka grisi vizuri. Wiki mbili baadaye nimeegesha gari usiku, asubuhi nakuta spea hakuna, mnyororo umeachwa ukibembea. Mwizi alishukuru ile grisi. Siku hizi nimetia kufuli, na ufunguo uko kwenye shada moja na wa gari. Kila nikibadilisha oili, spea inashushwa mpaka chini, inajazwa upepo, inarudi.

Njeri_wa_Demio:
Mimi sina spea kabisa. Gari lilitoka Japani na chupa ya dawa ya kuziba na pampu ndogo ya kuchomeka kwenye tundu la kiberiti cha gari. Msumari, sawa, inaziba. Lakini shimo la barabara lilinichania tairi ubavuni, ufa wa urefu wa kidole, na dawa yote ikamwagikia lami kama maziwa ya mgando. Halafu nikasoma chupa: ilikuwa imepitwa na wakati miaka mitatu. Nimenunua rimu na tairi la mtumba, sasa kiti kimoja cha nyuma ni cha spea. Watoto wameipa jina.

AchiengSouthB:
Yangu ilikuwa na upepo wake, jeki ilikuwepo, wilispana ilikuwepo. Kisa changu ni nati. Walionibadilishia matairi walizikaza kwa ile mashine ya upepo, nami nina kilo 55. Nilisimama juu ya spana kwa miguu yote miwili nikirukaruka. Wapi. Tena kila gurudumu lina nati moja ya kuzuia wezi, na ufunguo wake nilikuwa nimeuweka "mahali salama" nyumbani.

Hii ilikuwa Southern Bypass, saa mbili usiku. Sikungoja mtu aje kunisaidia wala kuniibia. Nilitembeza gari polepole juu ya rimu mpaka kituo cha petroli. Rimu ikafa, mimi nikabaki. Sasa nimekata bomba la chuma la mita moja, nalivisha kwenye mpini wa spana, na nati zinalia zenyewe. Dada zangu, zilegezeni kabla ya kuinua gari kwa jeki, tairi likiwa bado limekanyaga chini.

FundiPancha:
Nimeziba pancha Kariobangi miaka mingi, wacha niseme. Wateja wananiletea spea zina upepo wa PSI 10 (PSI ndicho kipimo cha upepo wa tairi), wanashangaa. Upepo hutoroka hata tairi likiwa limelala. Na ile spea nyembamba, iliyoandikwa T125 au zaidi ubavuni, haijazwi 32 kama wenzake. Soma ubavuni, nyingi ni 60. Ukiitia 32 inalala kama chapati.

Halafu umri. Tafuta herufi DOT, tazama tarakimu nne za mwisho. 1815 ni wiki ya 18 ya mwaka 2015. Gari linaingia Kenya lina miaka saba, spea ni ile ile ya kiwandani, mpya ya kung'aa, vinundu vyake bado viko, lakini mpira umekauka na kupasuka nyufa. Hiyo mimi siisifu.

Kamau_Subaru:
Fundi, hiyo nyembamba nikifunga naweza kufika Nakuru?

FundiPancha:
Utafika kwa fundi aliye karibu. Mwisho wake ni kilomita 80 kwa saa. Na Subaru yako inavuta miguu yote minne, gurudumu moja likiwa dogo gia zinateseka. Kama ni otomatiki ya zamani, chini ya boneti kuna kikasha kimeandikwa FWD, unachomeka fyuzi humo ili ivute kwa mbele tu.

DerevaWaKayole:
Ajabu, polisi huniuliza laifuseva (ile pembetatu ya kuonya barabarani) na kizima moto kila siku. Spea hakuna aliyewahi kuiuliza.

MwanaUmoja:
Nimeshuka sasa hivi kwenye maegesho na tochi ya simu. Spea imejazwa, panya amehama, wilispana ipo. Jeki haipo! Nimekumbuka nilimwazima shemeji Desemba. Nimempigia, anasema hata yeye alimwazima mtu, na huyo mtu yuko Eldoret.