Vita vya Shela mezani: mbona wavamizi wangu hawakwami?

Mwalimu_Langoni:
Salaam aleikum wakubwa. Nafundisha historia hapa Lamu. Nimevitengeneza vita vya zamani vya Shela, pale Pate na Mombasa walipotuvamia, kwenye sinia la pilau: mchanga wa ufuoni, majahazi ya viberiti, kokwa za tende ndio jeshi la Pate na Mombasa, komwe ndio watu wa Lamu. Wanafunzi wanaupenda mchezo huu mno, lakini wavamizi hawakwami hata siku moja! Wazee wametusimulia kuwa walipokimbilia majahazi yao walikuta maji yamekupwa, vyombo vimekaa mchangani, wakauawa pale pale. Darasani kwangu mshambulizi akishaziona komwe zimejaa nyuma ya matuta, hashuki pwani. Nasikia majeshi hufunza maafisa kwa michezo kama hii. Wao hufanyaje?

Sajini_Mstaafu_Malindi:
Mwanangu, unawaonyesha kila kitu. Sisi jeshini tulichora ardhi kwa mchanga, kamba na mawe, na adui hukumwona mpaka umfikie. Prussia, dola ya Wajerumani, walikuwa na mchezo wa ramani tangu 1824, uliotungwa na afisa wao Reisswitz: vipande vyekundu na vya buluu, kila zamu dakika 2. Makamanda huandika amri, mwamuzi huweka ramanini yale tu ambayo kila upande ungeyaona. Weka pazia. Amri ziende kwa karatasi.

Bint_Mkomani:
Shikamoo mzee. Mwalimu, mimi nakuletea Liverpool, Uingereza, 1942, Vita vya Pili vya Dunia. Nyambizi za Ujerumani zilikuwa zikimaliza meli za mizigo Atlantiki. Kapteni Gilbert Roberts wa jeshi la maji la Uingereza akageuza sakafu ya chumba kuwa bahari, meli zikasogezwa juu yake, njia zikachorwa kwa chaki. Manahodha wa manowari zilizolinda misafara ya meli hizo walisimama nyuma ya mapazia ya turubai, wakichungulia kwenye vitundu vidogo. Wasichana wa kikosi cha wanamaji ndio waliosogeza meli, na mara nyingi ndio waliocheza nyambizi na kuwashinda maafisa waliotoka vitani kweli. Sakafuni pale waligundua kwamba nyambizi hujipenyeza ndani ya msafara kutokea nyuma, hupiga, kisha hujiachia zibaki nyuma msafara ukipita. Manowari zikabadilisha namna ya kuwinda. Wape wasichana wako jeshi la Lamu, tafadhali.

Sajini_Mstaafu_Malindi:
Marahaba binti. Na wewe mwalimu, usimhurumie mtu. Mei 1942 Wajapani waliucheza mpango wao wa kushambulia kisiwa cha Midway cha Wamarekani, ndani ya manowari Yamato. Mwamuzi akazamisha meli zao za kubeba ndege, Akagi na Kaga, mkubwa wao Admeri Ugaki akapunguza idadi ya mabomu yaliyopiga. Juni zote mbili zikazama kweli, pamoja na Soryu na Hiryu.

Mwalimu_Langoni:
Ahsanteni sana, nimefanya. Leso ya mke wangu nimeitundika katikati, sinia mbili, amri kwa vikaratasi. Kila zamu ni nusu saa ya vitani, na kila zamu nachomoa utepe mmoja wa karatasi ya buluu ufuoni, zamu 12 hadi maji yakupwe. Hakuna aliyeuliza zile tepe ni za nini! Zamu ya 10 kijana anayeongoza Mombasa, kokwa zake zimebaki saba, akaandika: "Wote warudi majahazini." Nikamjibu kwa karatasi: majahazi yamekaa mchangani. Akaisoma mara mbili, akainua kichwa: "Mwalimu, maji yanajaa saa ngapi?" Upande wa pili wa leso wasichana walikuwa wameshaandika amri yao.