Tathmini ya jumla ya shule na mtaala ulioboreshwa: wadhibiti ubora wanaangalia nini hasa?

Chaki_Nyeupe:
Wakuu, habari za kazi. Shule ya msingi ya serikali, wanafunzi 800. Mtaala ulioboreshwa ulianza Januari 2024 kwa darasa la I na la III, hivyo mwaka huu wa 2026 la VI na la VII bado wako kwenye ule wa zamani. Wadhibiti ubora wa wilaya wanakuja kwa tathmini ya jumla. Ofisini kuna wanaosema tujaze mafaili, wengine wanasema mambo ya mafaili yaliondoka na ukaguzi wa zamani. Lipi ni sahihi? Na wakishaandika mapendekezo, nani anayatekeleza?

MdauWaTaaluma:
Faili ni ushahidi tu, mkuu. Maeneo yanayotazamwa ni sita: mafanikio ya wanafunzi, ufundishaji, mtaala, uongozi, mazingira ya shule (afya na usalama humo humo), na ushiriki wa jamii.

Shule nyingi zinanaswa pale mdhibiti anapofungua azimio la kazi (mpango wa mwalimu wa muhula au mwaka), andalio la somo (mpango wa kipindi kimoja) na daftari la mtoto kwa pamoja. Andalio linasema leo watoto walipima ujazo kwa chupa wakiwa katika vikundi. Daftari la tarehe hiyo hiyo lina maswali kumi yaliyonakiliwa ubaoni, hayajasahihishwa. Hapo hakuna maelezo yatakayokuokoa.

Kosa la pili: mwalimu anachukua azimio la zamani, anafuta "mada kuu" na kuandika "umahiri mkuu", mengine yanabaki kama yalivyokuwa. Umahiri hupimwa kwa kile mtoto anachoweza kufanya, kwa hiyo safu ya vigezo vya upimaji ndiyo ya kuanza kukagua. Litumieni hilo kwenye vikao vya MEWAKA (mafunzo endelevu ya walimu kazini) kabla wadhibiti hawajafika.

Bi_Takwimu:
Fanyeni tathmini ya ndani kwanza, na awepo mjumbe wa kamati ya shule na mzazi kutoka UWAWA (umoja wa wazazi na walimu), siyo walimu peke yao. Kwenye KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) msichague watoto wa dawati la mbele. Chukueni rejista, mchague kila jina la kumi, kisha mpeni kila mtoto aya ambayo haimo kwenye kitabu chake, maana ya kitabuni ameshaikariri. Andikeni anayesoma kwa ufasaha, anayeunganisha silabi na asiyesoma kabisa.

Miundombinu pigeni hesabu wenyewe. Kiwango ni tundu 1 la choo kwa wasichana 20 na 1 kwa wavulana 25. Kama ni nusu kwa nusu, mnahitaji 20 na 16. Mwalimu 1 kwa wanafunzi 45 maana yake walimu 18.

KatibuKata:
Swali la utekelezaji ndilo gumu. Udhibiti ubora uko chini ya Wizara ya Elimu, ila walimu, majengo na ruzuku vinapitia TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa) na halmashauri. Mdhibiti anaweza kuandika "waongezwe walimu sita", mwalimu mkuu hana pa kuwatoa. Ruzuku ni sh. 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, 6,000 ndizo zinazofika shuleni na zilizobaki ni za vitabu. Kwa watoto 800 ni milioni 4.8, yaani laki nne kwa mwezi. Choo hakijengeki hapo.

Basi gaweni mapendekezo mafungu matatu: la walimu (usahihishaji, upimaji), la kamati na kijiji (chakula, utoro), na la halmashauri. Hilo la mwisho liingie kwenye mpango wa maendeleo wa shule mapema, kabla bajeti ya halmashauri haijafungwa, na nakala aipate Afisa Elimu Kata. Likibaki kwenye ripoti tu, mwaka kesho litaandikwa tena neno kwa neno.

Chaki_Nyeupe:
Nimewapata. Na wakitaka mwenendo wa ufaulu wa miaka mitano?

Bi_Takwimu:
Toeni, ila mtenganishe mitaala miwili. 2027 darasa la VI (mtaala mpya) na la VII (mtaala wa zamani) watahitimu pamoja. Mkiwaweka kwenye safu moja, grafu itaonyesha kupanda au kushuka ambako hakupo.