Meli mpya ya kitalii hujengwa kwa ratiba gani hasa? Tarehe yangu ya kupanda imesogezwa mara mbili

Mtoto_wa_Likoni

Wadau habari za saa hizi. Naomba anayejua mambo ya ujenzi wa meli kubwa za kitalii anisaidie maana hapa nilipo sina raha. Mi ni wa Mombasa, nimefanya kazi hotelini miaka sita, mwaka jana nikapata nafasi ya kuhudumia vyumba kwenye meli mpya ambayo bado iko yadi ya kujengea meli huko Ulaya. Barua ya kwanza ikasema nipande mwezi wa tatu, ya pili ikasema mwezi wa sita, juzi nimeambiwa tu subiri tutakujulisha. Na hotelini nishaaga. Mama kila jioni ananiuliza, mwanangu ile meli imefika wapi, nami sina la kumjibu.

Kinachonichanganya ni hiki. Kwenye picha walizotuma meli ishakamilika kabisa, imepakwa rangi, jina liko ubavuni na inaelea majini. Kwa akili yangu meli ikishaelea ndo kazi imekwisha, imebaki kuingiza vitanda na magodoro basi. Sasa inachelewaje tena? Hawa watu wanapangaje ratiba yao, na sisi tunaosubiri tuangalie nini ili tujue ukweli?

La pili, wakala ananiambia nitume elfu arobaini ya kushikilia nafasi mpaka meli iwe tayari. Nitume au nisitume?

FundiBomba_Turku

Pole sana ndugu yangu. La pili nalijibu kwanza: USITUME. Mengine tutaongea taratibu.

Mimi niko Finland, naunga mabomba kwa kampuni ndogo inayochukua kazi ndani ya yadi ya Meyer Turku, kwahiyo haya nakwambia kwa yale ninayoyaona na macho. Na kosa lako ni la watu wengi, mnadhani kuelea ndo mwisho. Kuelea ni katikati!

Chukua meli ya kitalii Icon of the Seas, ilijengwa hapa hapa na tarehe zake zote zilitangazwa. Chuma cha kwanza kilikatwa Juni 2021. Mkuku, kile kipande cha kwanza cha chini ya meli, ukawekwa Aprili 2022. Ikaelea Desemba 2022. Ikatoka kwenye majaribio ya kwanza baharini Juni 2023, ikakabidhiwa kwa mwenyewe mwisho wa Novemba 2023, abiria wa kwanza wakaondoka nayo Miami Januari 27, 2024. Sasa hesabu mwenyewe. Toka chuma kukatwa mpaka mkuku ni miezi kumi, meli haipo machoni, kuna mabloku tu, vipande vikubwa vya meli, yametapakaa yadi nzima. Kwenye chelezo, lile bwawa kavu la kujengea meli, imekaa miezi minane tu. Halafu baada ya kuelea, ikiwa nzuri hivyo na rangi yake, imekaa gatini karibu mwaka mzima ikimaliziwa ndani. Wewe picha yako ni ya meli iliyo kwenye huo mwaka wa mwisho wa kazi, na huo ndo mgumu kuliko yote.

Halafu mkuku wa siku hizi usidhani ni lile gogo refu la chini ambalo mafundi wa jahazi wanaanza nalo. Huku ni bloku la kwanza, kipande kizima cha tumbo la meli, ndani kishapitishiwa mabomba na njia za nyaya, linashushwa na kreni kwenye sakafu ya chelezo. Chini yake wanaweka sarafu za baraka, siku meli inaelea wanazitoa. Kreni yetu kubwa hapa inanyanyua tani 1,200, ikipita juu yako na bloku unahisi kama mtaa mzima umehamia hewani.

Kwanini chelezo ni miezi minane na sio miwili mitatu zaidi? Kwasababu chelezo ndo mali yenyewe ya yadi, meli ikitoka nyingine inaingia, na ile inayofuata nayo mabloku yake yako tayari yanasubiri nje. Kwahiyo siku ya kuelea haichezewi hata kama ndani kuna kazi haijaisha. Wanaelea nayo hivyo hivyo, kiporo kinahamia gatini. Hapo ndo ucheleweshaji unakojificha, kwa nje meli imefika kwa wakati lakini ndani ina deni la kazi.

Na vitanda hivyo unavyosema vinaingia mapema sana kuliko unavyofikiri. Chumba kinatengenezwa kiwandani Piikkiö, si mbali na hapa, kinakuja kama boksi zima, choo kimo, kioo kimo, taa zimo, ubavu wa meli unaachwa wazi wanakisukuma ndani kwa magurudumu mpaka kwenye alama yake. Icon ina vyumba 2,805. Kuviingiza sio shida. Shida ni kila kimoja kinataka maji safi, maji machafu, umeme, hewa, waya wa taarifa na kengele ya moto, na hayo makundi matano sita ya mafundi wote wanataka kupita kwenye korido moja wiki moja. Sisi wa mabomba tukichelewa siku mbili, wa dari hawafungi, wa zulia hawatandiki, na mkaguzi aliyekuja toka mbali anarudi mikono mitupu. Nimeona dari ya korido nzima ikifunguliwa upya kwasababu ya valvu moja iliyowekwa kichwa chini, na yule kijana aliyeifunga dari alikaa chini akaishika kofia yake kimya muda mrefu, tukamletea kahawa.

Kariakoo_Msema_Kweli

Samahani mkuu, mi nina wasiwasi. Hawa si ndo wamejenga meli miaka na miaka? Kampuni yenye wahandisi wote hao inashindwaje kujua tarehe? Naona kijana anazungushwa tu, hiyo nafasi ishapewa mtu mwingine.

Nahodha_wa_Bamvua

Kariakoo usimkatishe tamaa mwenzio. Kuchelewa kupo na kumewapata wakubwa, haihitaji mtu kuzungushwa.

Mfano wa karibuni, Disney Adventure. Ilianza 2018 Ujerumani kwa jina la Global Dream, ya kampuni nyingine kabisa. Januari 2022 yadi iliyokuwa inaijenga ikafilisika meli ikiwa haijaisha, ikakaa Wismar bila mwenyewe, Disney wakainunua Novemba mwaka huo. Wakatangaza safari ya kwanza Singapore Desemba 15, 2025, watu wakanunua tiketi, ikaja kusogezwa mpaka Machi 10, 2026. Toka chuma cha kwanza hesabu miaka nane. Meli ya Mardi Gras ya kampuni ya Carnival nayo, imejengwa Turku hapo kwa huyo fundi, ilisogezwa toka Agosti 2020 mpaka Novemba kabla hata korona haijaanza kutajwa.

Na Nagasaki, Japani, ndo kuna kisa ninachowahadithia vijana kila mara. Mitsubishi walikuwa wanajenga meli mbili pacha za kampuni ya Princess kwa wakati mmoja. Oktoba 2002 ile ya kwanza, Diamond Princess, ikashika moto gatini ikiwa karibu kwisha. Tarehe ishauzwa. Walichofanya wakabadilisha majina, pacha wake iliyokuwa inafuata nyuma ikaitwa Diamond Princess ikatoka mwanzoni mwa 2004, ile iliyoungua ikatengenezwa ikatoka baadaye mwaka huo huo kwa jina la Sapphire Princess. Baadae wakachukua kazi ya meli nyingine ya kitalii, AIDAprima, ikachelewa mwaka mzima mpaka Machi 2016, mioto tena, hasara kubwa mno, wakaachana na meli kubwa za kitalii. Hao ni watu ambao meli za mizigo wanazijenga wamefumba macho. Meli ya mizigo ni chuma na injini. Hii ni mji.

Sasa Papenburg, Ujerumani, yadi ya Meyer Werft, kuna jambo la kwetu sisi watu wa pwani. Yadi iko ndani bara, mto Ems ni mwembamba, meli inatolewa kinyumenyume ikisaidiwa na tagi, boti za kuvuta, usiku kucha mpaka baharini. Lazima wangoje maji kujaa, halafu lile lango la kuzuia maji la Gandersum linafungwa ili mto upande. Upepo ukikataa, siku inasogea. Ukimwambia mvuvi wa Shimoni kwamba meli ya mabilioni inasubiri bamvua ataelewa mara moja.

Kuhusu wewe kijana. Niliwahi kuwa kwenye kikosi cha kupokea meli mpya, kwahiyo nakwambia mpangilio. Wanaanza maofisa na mainjinia, miezi mingi kabla. Majaribio ya baharini wanaenda watu wa yadi na wataalamu, nyie wa vyumba hamhitajiki kabisa. Watu wa hoteli wanaitwa mwisho, kwasababu meli haiwezi kulaza mamia ya watu kama boti za kuokolea, kengele za moto na maji havijapitishwa. Nilipanda na helmeti kichwani na buti za chuma, mkononi nina begi la sare, zulia limefunikwa nailoni, kazi yetu ya wiki ya kwanza ilikuwa kubandua plastiki kwenye vitasa na kufuta vumbi la gipsam, leo unafuta kesho limerudi. Siku ya kukabidhi bendera ya yadi inashuka, ya kampuni inapanda. Nilitoa machozi sioni aibu kusema.

Kwahiyo tarehe za barua yako ziache. Uliza maswali mawili: majaribio ya baharini yameshafanyika? Na tarehe ya kukabidhi ni ipi? Kama majaribio bado, wewe bado una miezi. Kama yamekwisha, funga begi.

Binti_Kigoma

Mmeitaja Meyer Papenburg nikashtuka maana hao ndo waliojenga Liemba, meli yetu ya Ziwa Tanganyika! Ilijengwa hapo 1913 ikiitwa Graf von Götzen, ikafunguliwa yote, ikafungwa kwenye makasha kama 5,000 hivi, ikaja kwa bahari mpaka Dar, ikapanda treni mpaka Kigoma, ikaunganishwa upya ikaingia ziwani 1915. Ilijengwa mara mbili kabla haijabeba abiria hata mmoja. Wajerumani wakaizamisha wenyewe 1916, Waingereza wakaiopoa 1924, ikarudi kazini 1927 kwa jina hili tunalolijua. Babu yangu amepanda, mama amepanda, mimi nimepanda.

Na Kariakoo, kuhusu kwanini wanashindwa, mimi nasoma uhasibu nimefuatilia kidogo. Mwaka 2024 hao hao Meyer nusura wafe. Mikataba waliisaini kabla ya korona kwa bei ile ya zamani, chuma na umeme vikapanda, bei ya meli haipandi. Halafu malipo yenyewe, mteja anatoa asilimia 20 tu wakati wa ujenzi, 80 siku ya kukabidhiwa. Yani yadi inakopa miaka mitatu kujenga kitu cha mtu. Serikali ya Ujerumani na jimbo la Lower Saxony wakaingia wakachukua kama asilimia 80 ya kampuni ili isifungwe. Kwahiyo hakuna anayefurahia kuchelewa, kila wiki meli iko gatini yadi ndo inaumia na riba.

FundiBomba_Turku

Binti Kigoma asante, hilo la Liemba nitawaambia jamaa kesho wakati wa chai.

Mtoto wa Likoni narudi kwenye ile elfu arobaini. Kuna Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa 2006, Kenya imeuridhia toka 2014. Unasema baharia hatozwi ada ya kutafutiwa wala kuwekewa kazi. Unachoweza kulipia mwenyewe ni cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasipoti. Viza hata sio juu yako, ni ya mwenye meli. Hakuna kitu kinaitwa kushikilia nafasi. Nenda ofisi za KMA, mamlaka ya bahari ya Kenya, hapo Mombasa na barua zako zote mbili, uulize kama huyo wakala ana leseni.

Kariakoo_Msema_Kweli

Nimeelewa wakuu, nafuta kauli ya kwamba nafasi imeuzwa. Ila ya wakala nilikuwa na haki kuwa na wasiwasi. Kijana usitoe hata mia.

Mtoto_wa_Likoni

Wakubwa zangu Mungu awabariki. Nimeenda KMA leo asubuhi, wamepokea malalamiko wamechukua nakala za barua. Nikaandika barua pepe moja kwa moja kwa kampuni ya meli, nikauliza yale maswali mawili ya Nahodha kama alivyoyasema. Wamejibu jioni hii hii: jina langu lipo, majaribio ya kwanza baharini ni mwezi ujao, kikundi changu kitaitwa wiki tano kabla ya kukabidhiwa, na hawajamtuma mtu yeyote kudai pesa. Nimempigia meneja wangu wa zamani hotelini, amekubali nirudi kwa muda mpaka siku hiyo.

Mama nimemweleza kuhusu zile sarafu chini ya bloku. Kaniuliza, na wakizitoa wanazipeleka wapi? Fundi, unajua?

FundiBomba_Turku

Mwambie mama anapewa nahodha na wenye meli, zinahifadhiwa melini. Ukishapanda uliza wakuonyeshe, umpigie picha.