Ushauri: programu gani inafaa kusimuleti saketi za kapasita zenye swichi?

mwanafunzi_analogi: Wakuu, habari za leo. Nipo mwaka wa mwisho, mradi wangu ni filta ya kupitisha masafa ya chini. Mahali pa rezista nimeweka kapasita ya 1 pF na swichi mbili, kloku ya 100 kHz. Kwa hesabu, hiyo ni sawa na rezista ya megaohmu 10, hivyo kapasita ya pili inatoka kama 16 pF ili filta ikate kwenye 1 kHz. Nikiendesha .ac (uchambuzi wa masafa) kwenye LTspice, programu ya bure ya kusimuleti saketi, ishara inakuwa imeshazama tangu 1 Hz na inazidi kuteremka. Msimamizi anasema nitumie Cadence, programu za kulipia, leseni hatuna. Laptopu yangu ina RAM ya GB 8. Nihamie wapi?

Transista: Usihame, mkuu. Uchambuzi wa .ac hutafuta kwanza hali tulivu ya DC, kisha huichukulia saketi nzima kana kwamba imeganda hapo. Swichi zako hazipigi kabisa, ishara itapita wapi? ngspice, nayo ya bure, itakupa upuuzi huo huo. Spectre, simuleta ya Cadence, inasifiwa kwa kazi hii kwa sababu ya chambuzi mbili, PSS na PAC: ya kwanza inatafuta mzunguko unaojirudia wa kloku, ya pili inapitisha ishara ndogo juu ya mzunguko huo. Leseni ghali unailipia hapo.

mwanafunzi_analogi: Sasa sisi wa bure tufanyeje?

mzee_wa_solda: .tran, yaani simulesheni ya hatua kwa hatua katika muda, swichi zikipiga kweli. Weka chanzo cha sine, badilisha masafa kwa amri ya .step, pima ukubwa wa mizunguko ya mwisho kwa amri ya .meas. Ni taratibu, ila inasema kweli. Hakikisha awamu mbili za kloku hazigusani, vinginevyo chaji inavuja moja kwa moja. Ron (ukinzani wa swichi ikiwa imewashwa) ya kiloohmu 1 inatosha: ukizidisha na 1 pF unapata nanosekunde 1, na nusu ya mpigo wako ni mikrosekunde 5. Vh (histeresisi ya swichi) iwe hasi ili swichi igeuke polepole, LTspice isikwame. Ukitaka FFT (mchoro wa masafa yaliyomo kwenye ishara), andika .options plotwinsize=0, la sivyo mbano wa data utakuchafulia mchoro.

Dada_Volti: Mimi ningeanza na Python kabla ya simulesheni yoyote. Kila mpigo, volti mpya ni ya zamani ikiongezwa C1/(C1+C2) ya tofauti kati ya ingizo na hiyo ya zamani; C1 ni ile ya 1 pF, C2 ni kapasita ya pili. Mistari mitano ya kodi. Utaona kwa 16 pF filta inakata karibu na 965 Hz, si 1 kHz, maana kanuni ya rezista ni makadirio tu. Weka 15.4 pF.

Transista: Hapo kweli. Na asiiamini .noise (uchambuzi wa kelele) pia, ina ugonjwa uleule wa .ac. Kapasita ya 1 pF kwenye joto la chumbani inashika kelele ya mikrovolti 64 hivi, hiyo unaikokotoa kwa mkono.

mwanafunzi_analogi: Nimeelewa. Na msimamizi akitaka transista halisi badala ya swichi za kufikirika?

mzee_wa_solda: Chukua modeli za transista za SKY130, teknolojia ya kutengeneza chipu, ziko wazi kwa wote, uendeshe kwa ngspice. GB 8 inatosha kwa saketi ndogo kama hiyo. Chaji inayomwagwa na geti la transista swichi inapozimwa utaiona huko tu, na kwa 1 pF itakusumbua.