Njia ipi ya kuvuka mlima nikiwa navuta karavani?

Msafiri Mpya

Wakuu, habari za leo. Naomba ushauri wenu kabla sijatoka, maana nikishafika mlimani na tela nyuma hakuna pa kugeuzia.

Gari langu ni la dizeli, gia za mkono, lina turbo, na uzito wake mtupu ni kilo 1,750. Karavani (tela la kulala ndani) ina ekseli moja, na ikishapakiwa inafika kilo 1,300. Nimeivuta mara nne tu, zote kwenye tambarare. Safari hii kuna mlima katikati na njia za kuuvuka ziko tatu. Ya kwanza ni mkato wa kilomita 74, una kona nyingi za kugeukia ulikotoka, na upande wa kushukia kuna kilomita 7 zenye kibao cha mteremko wa 14%. Ya pili ni barabara kuu, kilomita 118, mteremko wake ni 6% lakini unaendelea kilomita 17 bila kukatika, na malori yamejaa. Ya tatu inazunguka mlima wote kupitia bondeni, kilomita 190, ila kuna vijiji vyenye njia finyu na madaraja ya zamani.

Ramani ya simu inanipeleka kwenye mkato. Mke wangu anataka ya kuzunguka. Mimi nauelekea mkato kwa sababu gari lina nguvu na halijawahi kunishinda kupanda. Nakosea wapi?

Kona Kali

Mkuu, mkato wa aina hiyo nimeupita mara nyingi nikiwa na gari dogo, unapitika vizuri. Panda na gia namba mbili, usiwe na haraka. Ila sijawahi kuvuta kitu huko, kwa hiyo wasubiri waliovuta.

Mzee wa Tela

Ndugu yangu, mimi nimevuta tela miaka 22. Unaniambia gari halijashindwa kupanda. Gari likishindwa kupanda utasimama, utawasha taa za hatari, utaita msaada. Likishindwa kushuka huna muda wa kuita mtu. Kwa hiyo chagua njia kwa upande wake wa kushukia, na huo wa kupanda uutazame baadaye.

Chukua hesabu zako mwenyewe. Gari na tela pamoja ni kama tani 3. Kilomita 7 za 14% ni kushuka karibu mita 1,000. Kilomita 17 za 6% nazo ni karibu mita 1,000. Mlima ni ule ule, na nguvu inayotaka kukusukuma chini ni ile ile: tani 3 zikishuka mita 1,000 zinatoa joto la kutosha kuchemsha zaidi ya lita 80 za maji ya kawaida. Sehemu ya joto hilo inachukuliwa na injini, sehemu inapotelea kwenye upepo, na linalobaki lote linaingia kwenye breki. Sasa kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, barabara kuu inakupa dakika 25 za kulitawanya. Mkato unakupa dakika 10 na ushei. Tena kwenye 6% injini ikiwa kwenye gia nzito (namba za chini) inaweza kukushikilia karibu peke yake. Kwenye 14% haitoshi, mguu utaishi kwenye breki.

Hili nalisema kwa uchungu kwa sababu lilinipata. Nilikuwa nashuka na karavani nyepesi kuliko yako, gia namba tatu, nikigusa breki kidogo kidogo bila kuachia. Nilijiona dereva mpole. Kama kilomita ya sita nikasikia harufu kali ya kitu kinachoungua, nikadhani ni ya lori la mbele. Kisha pedali ikaanza kuzama. Haikukatika ghafla, ililegea, kama nakanyaga mto wa pamba, na kila nilipokanyaga tena ilishuka zaidi. Niliingiza gia namba mbili injini ikalia, na Mungu akajalia kulikuwa na uwanja wa changarawe kushoto. Niliposhuka, gurudumu la mbele lilikuwa linatoa moshi wa bluu, na disiki inalia tik, tik, tik inapopoa. Tuliweka mawe kwenye magurudumu tukakaa karibu saa nzima. Mwanangu mdogo alitaka kumwagia maji, nikamkataza: chuma chenye joto lile ukikimwagia maji kinaweza kupinda au kupasuka.

Baadaye tukakuta mafuta ya breki ni meusi, ya miaka mingi, ingawa fundi alikuwa ameniambia ameyabadilisha. Mafuta ya breki hunywa maji kutoka hewani. Yale ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 230 au zaidi. Yakishaingiwa na maji kiwango kinaweza kushuka hadi 155. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea. Ndiyo maana pedali ilizama.

Mkato uondoe kabisa. Wala si wewe tu: kule Uingereza, Sutton Bank huko Yorkshire ina mwinuko wa 25%, na karavani zimepigwa marufuku tangu 1984 kwa sababu zilikuwa zinakwama na kufunga barabara. Kwenye milima ya Alps huko Ulaya watu wanavuka na karavani kila siku kwa barabara kuu ya Brenner, juu yake ni mita 1,370 hivi, kona zake pana. Njia ya Stelvio, kwenye milima hiyo hiyo, iko mita 2,757, na upande mmoja ina kona 48 zilizowekewa namba. Zote mbili ni barabara za lami na zote ziko kwenye ramani ya simu. Simu haijui kwamba una tela.

Msafiri Mpya

Shikamoo mzee. Nimeisoma mara mbili, nikamsomea na mke wangu. Mkato nimeufuta. Sasa kati ya barabara kuu na ile ya bondeni? Malori ndiyo yananitisha, yakinipita karavani inayumba.

Mama Ekseli Moja

Kaka, hilo la kuyumba nianze nalo mimi, maana nami navuta ya ekseli moja.

Lori likikupita linakusukuma kwanza, halafu linakuvuta. Karavani iliyopakiwa vizuri inatikisika mara moja na kutulia. Iliyopakiwa vibaya inaanza kucheza mkia, na mteremkoni mchezo huo unakua. Kwa hiyo kabla ya kulaumu malori pima uzito wa pua, yaani ule unaokaa kwenye ndoano ya gari ya kuvutia tela. Karavani ya kilo 1,300 inataka kama kilo 65 hadi 90 hapo, usizidishe kiwango kilichoandikwa kwenye ndoano yenyewe. Mimi natumia mizani ya kawaida ya kupimia watu: naweka kipande cha mbao juu yake, nakiacha kishike pua ya tela. Vitu vizito viweke chini, juu ya ekseli. Tangi la maji liwe tupu. Safari yangu ya pili nilikuwa nimeweka baiskeli mbili nyuma kabisa; nilipozihamishia ndani, karibu na ekseli, lilikuwa kama tela jingine.

Ikianza kucheza, toa mguu kwenye mafuta, shika usukani umenyooka, usijaribu kuifukuza kulia na kushoto. Usiongeze mwendo ukidhani utainyoosha.

Na tairi! Za karavani huzeeka zikiwa zimesimama uani, kashata zake (meno ya tairi) bado nzuri. Tafuta tarakimu nne ubavuni: 3519 maana yake wiki ya 35 ya mwaka 2019.

Mzee wa Tela

Marahaba, kijana. Na dada hapo juu amesema vizuri sana, mimi pua nilikuwa sijaigusa.

Uwiano wako uko sawa: 1,300 kwa 1,750 ni 74%, na wanaoanza hushauriwa wasizidi 85%. Kwa hiyo ningekupeleka barabara kuu. Ile ya bondeni ingekuwa yangu kama ningejua upana wa madaraja, lakini tela hukata kona kwa ndani, na kurudi nyuma kijijini huku magari yamejipanga nyuma yako ni kazi ya mtu aliyezoea. Mara nne tambarare bado. Kama mke wako hana amani, piteni bondeni siku moja bila karavani, mpime madaraja kwa macho yenu.

Angalia utabiri wa upepo, si wa mvua tu; sehemu mbaya ni darajani na pale unapotoka kwenye handaki. Ukifika kileleni simama, nyosha miguu, ingiza gia nzito kabla mteremko haujaanza. Mwendo ukizidi, kanyaga breki kwa nguvu ya wastani mpaka upungue vizuri, kisha achia kabisa ipoe. Usiiguseguse kama nilivyofanya mimi. Malori yanayotambaa upande wa ndani ni wenzako, kaa nyuma yao kwa nafasi. Na njiani utaona vibao vya njia za changarawe za kuokolea magari yaliyofeli breki. Zihesabu ukipita, ujue iliyo mbele yako iko wapi.

Msafiri Mpya

Asanteni sana, mzee na dada. Tairi zangu nimezikagua jioni hii: 2214. Zote mbili. Na kashata zinang'aa kama mpya. Safari nimeisogeza wiki moja, nabadilisha tairi na mafuta ya breki, safari hii nikiwa nimesimama pale pale fundi akiyamwaga. Kisha barabara kuu, tukitoka alfajiri. Mke wangu amekubali kwa sharti kwamba kila tutakaposimama mlimani, yeye ndiye atakayesogeza kiganja karibu na rimu kupima joto, na asiporidhika hatuondoki.